Nusu ya Mchana, Nusu ya Usiku: Shajara ya Kijumba cha Mapumziko, Dagoretti

6 Julai 2024

Shangazi amenipeleka nyuma ya nyumba yake hapa Dagoretti, Nairobi, akasimama kati ya mparachichi mkubwa na ua wa jirani, akasema, "Hapa, mwanangu." Kipande chenyewe ni hatua ishirini kwa kumi na tano, kinateremka kidogo kuelekea kusini. Mparachichi uko mashariki. Kaskazini hakuna kitu ila matuta ya sukuma wiki.

Alifanya kazi ya uuguzi wodini miaka 31, akastaafu mwaka jana. Wazo hili alilipata kwenye zamu za usiku: kijumba cha chumba kimoja, vitanda viwili, ambamo wauguzi wenzake na wanawake wanaouguza wazazi wao majumbani watakuja kulala siku mbili tatu. Hatatoza kitu zaidi ya chakula. "Nataka mahali pa mtu kuvua viatu na asiitwe na yeyote," ndivyo alivyonieleza, na nimeyaandika maneno hayo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, pale ambapo kwa kawaida tunaandika idadi ya vyumba.

Umbo analolitaka analo tayari kichwani: paa la makuti, pande tatu wazi, upepo upite. Alizaliwa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, na miaka yote aliyokaa bara haijamwondolea imani kwamba nyumba njema ni ile inayopitisha upepo. Mimi pia nimelelewa huko, na chuoni, nikisomea usanifu wa majengo, nilifundishwa vivyo hivyo, kwamba nyumba ya tropiki hulikimbia jua na kuukaribisha upepo. Lakini tulikuwa tumesimama pale saa kumi na moja jioni, wingu halijafunguka tangu asubuhi, Shangazi amejitanda leso mbili juu ya sweta. Sikumbishia. Nimemwomba mwezi mmoja nipime kwanza.

14 Julai

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Kwa ramani ni tropiki tupu. Ila mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku Dagoretti tumepanda zaidi. Ukipanda mita 100 joto hushuka kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Ukizidisha mara kumi na saba unapata nyuzi kama 11 zinazotutenganisha na Mombasa. Jua ni lile lile, la juu na kali linapotokea. Hewa ndiyo si ile.

Nimenunua vipimajoto vitatu. Kimoja nimekitundika kwenye stoo ya mabati ya Shangazi, kimoja sebuleni mwake, nyumba ya mawe ya inchi tisa, na kimoja kwenye tawi la mparachichi, kivulini. Shangazi anavisoma saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Anaandika kwa mwandiko wa chati ya wodi, safi, na saa kamili pembeni.

27 Julai

Vipimo vya wiki mbili. Alfajiri chini ya mti: 11, mara mbili ikafika 10. Stoo ya mabati alfajiri ni sawa na nje kabisa, na siku wingu lilipofunguka mchana ilipanda hadi 29. Sebule ya mawe: 16 alfajiri, 19 mchana, kila siku, karibu bila kubadilika.

Hapo ndipo penye somo lote. Bati ni kiungo cha moja kwa moja kati ya anga na mwanadamu. Linachukua kila kitu na halihifadhi chochote. Ukuta wa jiwe hupokea joto la mchana polepole, likachukua saa sita au zaidi kupenya, likafika ndani wakati jua limekwisha kuzama.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini watu wa mtaani hawalalamiki sana kuhusu vyumba vya mabati. Akanijibu kwamba hawalalamiki kwa sababu wanaingiza jiko. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia kuhusu usiku wa Julai wodini: familia inafunga dirisha, inaziba matundu kwa nguo, inawasha makaa. Hewa ile yenye sumu, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Mtu haamki kuikimbia. Amewapokea watu hao, wengine wakiwa wamechelewa mno. Nimeliandika sharti la kwanza la mradi: chumba hiki kiwe na joto la kulalia bila moto wowote ndani. Mgeni atakayefika hapa amechoka, na aliyechoka hatafakari kuhusu hewa.

4 Agosti

Nimejaza majedwali ya Mahoney usiku wa leo. Ni kazi ya zamani: Carl Mahoney pamoja na Otto Koenigsberger na Martin Evans waliyatayarisha, Umoja wa Mataifa ukayachapisha mwaka 1971, ili mtu mwenye penseli na takwimu za kila mwezi tu (joto la juu na la chini, unyevu, mvua, upepo) aweze kufikia maagizo ya kuchora. Nayapenda kwa sababu hayakuruhusu uanze na umbo. Kwanza unaandika mwezi baada ya mwezi kama mchana ni wa joto, wa baridi au wa sawa, kisha usiku wake.

Mahali ambapo wastani wa mwaka uko kati ya nyuzi 15 na 20, kama hapa, usiku ulio chini ya nyuzi 14 unahesabiwa kuwa wa baridi. Kwenye safu ya usiku niliandika "baridi" hadi mkono ukazoea, si Julai peke yake. Safu ya mchana karibu yote ni "sawa". Jibu la mwisho: kuta nzito, paa lililokingwa, madirisha ya kiasi. Nilikuwa nimechora kijumba cha pwani na jedwali likanirudishia kingine.

10 Agosti

Sikutaka kumshinda Shangazi kwa karatasi. Nimempeleka jioni kwenye bustani moja ya Karen yenye banda la makuti, zuri kwelikweli, paa lake limeinama mwinamo mkali kama inavyotakiwa ili maji yakimbie kabla hayajapenya. Tuliagiza chai. Saa kumi alikuwa amefurahi, anagusa nguzo, ananionyesha jinsi makuti yalivyoshonwa. Saa moja usiku aliuliza kama kuna upande usio na upepo. Saa mbili kasoro tulikuwa ndani ya gari.

Njiani alikaa kimya hadi Dagoretti Corner, kisha akasema: "Kumbe kule tulikuwa tunaufungulia upepo mlango kwa sababu ya joto. Hapa ninaufungulia kwa sababu ya mazoea."

"Lakini mchana, Shangazi, mchana banda lile lilikuwa zuri."

"Mchana lilikuwa Mombasa," akasema.

24 Agosti

Siku muhimu kuliko zote hadi sasa, na haikuwa kwenye meza ya kuchorea.

Jirani wa Shangazi ni mzee wa Kikuyu ambaye sote tunamwita Guka. Nilimpelekea maparachichi na nikamwomba anieleze nyumba ya nyanya yake. Alichukua kijiti akachora mduara kwenye vumbi. Nyumba ya mviringo, paa la nyasi nene lililoshuka chini karibu na ardhi, mlango mmoja, dirisha hakuna, mafiga matatu katikati. Nikamuuliza mtu alikaaje humo kutwa nzima. Akanitazama kwa mshangao. "Nani alikaa ndani mchana? Mchana ni wa nje. Ndani ni pa kulala." Nyumba za Wamaasai upande wa pili wa Ngong zina mantiki hiyo hiyo: chini, kuta za udongo na samadi, kitundu kidogo cha mwanga. Mchana watu wako kwenye mti.

Wenyeji wa nyanda hizi hawakujenga nyumba moja ya kutosheleza saa 24. Walikuwa na mti na walikuwa na nyumba, wakahama kati ya viwili hivyo kila siku. Sisi tuliokuja baadaye tumetaka chumba kimoja kifanye kazi zote mbili, na kinashindwa zote.

Moshi wa mafiga yale siurudishi, bila shaka. Ila mgawanyo ule ndio mradi wenyewe sasa. Nusu ya mchana: baraza lililo wazi, lina paa, lina viti vya kujengea, linapata jua la asubuhi na kivuli cha mparachichi baadaye. Nusu ya usiku: chumba cha kuta nene kinachofungika vizuri. Mlango mmoja kati yake.

Shangazi alipoona mchoro alitambua kitu ambacho mimi sikukifikiria. Akasema nyumba za mawe za Lamu nazo zina daka mbele, pa kukaa na wageni, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo kuta zinavyozidi kukufunika. Ni kweli. Na vyumba vile ni vyembamba, chini ya mita tatu, kwa kuwa boriti za mikoko haziendi mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo Pwani hatuiachi. Tunachukua baraza na zidaka za ukutani, tunaacha makuti.

15 Septemba

Vipimo: chumba mita 3.6 kwa 4.2 ndani. Bafu mita 1.5 kwa 2.4 upande wa magharibi, ili lipokee jua kali la alasiri badala ya chumba. Baraza mita 2.4 kwa 6.

Baraza nimeliweka kaskazini, kando ya njia ya kuingilia. Linapendeza kwenye karatasi.

26 Septemba

Leo jua linapita utosini mwa Nairobi, mara ya pili mwaka huu. Ya kwanza huwa karibu na tarehe 17 Machi. Nilisimamisha chupa ya maji kwenye zege nyuma ya nyumba nikangoja. Saa sita na dakika ishirini na tano hivi kivuli kikawa pete nyembamba chini ya chupa, kisha kikaanza kutokea upande wa pili. Shangazi alimwita Guka aje kutazama, na wajukuu wake wakaja nyuma yake.

Nikiwa nimeinama pale ndipo nilipoliona kosa la mchoro wangu. Kuanzia sasa hadi Machi jua litakuwa kusini kwetu. Machi hadi Septemba liko kaskazini. Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, jua lote linatoka kaskazini, na huko ndiko nilikolijenga baraza la mita 2.4 kulizuia! Vitabu vingi tunavyochorea vimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, kwao jua la kukaribishwa ni la kusini. Kwetu ni kinyume, na ni zawadi: dirisha la kaskazini linapata jua Julai tunapolihitaji na halipati hata kidogo Januari na Februari tunapolikimbia. Hakuna pazia wala mtambo. Ni upande tu wa kuweka dirisha.

Baraza limehamia mashariki, chini ya ukingo wa mparachichi. Ni pazuri zaidi hata kwa chai ya asubuhi.

6 Oktoba

Hesabu ya upenu wa kaskazini. Dirisha linaanza sentimita 90 kutoka sakafuni hadi mita 2.1, upenu uko kwenye mita 2.4. Adhuhuri ya Juni 21 jua huwa nyuzi 65 juu ya upeo wa macho. Upenu wa sentimita 60 unatupa kivuli hadi mita 1.1, yaani adhuhuri ni ukanda wa sentimita 20 tu wa kioo unaoguswa na jua. Nilitaka kuufupisha. Kisha nikahesabu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri: hapo jua linaingia chini zaidi, na kivuli kinaishia karibu mita 1.47. Nusu ya dirisha inapata jua. Na Julai yetu wingu hutanda asubuhi, likifunguka ni mchana, kwa hiyo jua la saa tisa ndilo la kutegemea. Upenu wa 60 unabaki, maana mvua ya Aprili nayo ina haki yake juu ya ukuta.

Sakafu mbele ya dirisha hilo itakuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, ile ya nyumba za zamani za Nairobi. Ni nzito, ni ya rangi iliyokolea, italinyonya jua la alasiri na kulirudisha usiku.

Ramani zimepelekwa kaunti.

9 Novemba

Vuli imeanza. Nilitumaini kuchimba matofali papo hapo: udongo mwekundu tunao, tani kwa tani, na mashine ya kushindilia inakodishwa. Tofali la udongo lililoshindiliwa na saruji kidogo halihitaji kuchomwa, yaani halili kuni.

Tumefanya jaribio la kisanduku: mbao zenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 4 kwa 4, unajaza udongo uliolowa, unaanika, unapima umejikunja kiasi gani. Wetu umejikunja zaidi ya sentimita tano na kupasuka mahali pawili. Udongo huu una mfinyanzi mwingi mno. Kuutuliza kungedai mchanga wa mto kwa lori na saruji zaidi, na kwa hesabu hiyo jiwe la machimbo ya Ndarugu linakuwa nafuu. Imeniuma kidogo, kwa kuwa nilitaka nyumba itoke kwenye shimo lake yenyewe. Hata hivyo udongo mwekundu hautatupwa. Unashika msingi vizuri kuliko ule mweusi wa Embakasi unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Kwa hiyo: mawe ya Ndarugu ya inchi tisa, yaliyokatwa kwa mashine, bila plasta nje. Ndani plasta ya chokaa.

18 Januari 2025

Kibali kimetoka, msingi umechimbwa. Mzee fundi aliyesimamia kazi ana miaka mingi kwenye mjengo kuliko mimi nilivyo na miaka duniani. Ananiita injinia ingawa nimemweleza mara tatu kwamba mimi ni msanifu. Ametaka jiwe la msingi lipande sentimita 45 juu ya ardhi badala ya 30 nilizochora, kwa sababu ya mchwa. Ameshinda. Amenionyesha pia njia yao ya udongo kwenye mguu wa stoo, nyembamba kama uzi, nami nilikuwa nimeipita miezi sita bila kuiona.

16 Februari

Joto. Nyuzi 28 chini ya mti saa nane. Ukuta umefika kwenye lenta, boriti ya juu ya madirisha, na bado hakuna paa, lakini ukisimama ndani ya pembe ya kusini-magharibi jiwe ni baridi mgongoni saa saba mchana.

Tumeyajadili matundu ya hewa leo na Mzee. Mafundi wetu huweka tofali la matundu juu ya kila dirisha, wazi mwaka mzima. Februari ni msaada, Julai ndiyo yale yanayozibwa kwa nguo. Nimechora vipenyo vya kufungika kwa kibao: viwili chini upande wa mashariki, kwa kuwa upepo wetu hutoka mashariki zaidi ya kwingine, na viwili juu magharibi, hewa ya moto ipandie hapo itoke. Kimoja cha juu kimejengwa kisifungike kabisa, upana wa viganja viwili. Mzee aliuliza kwa nini nipoteze joto hilo. Nilimwambia habari za wodi. Akatikisa kichwa, akakijenga yeye mwenyewe, hakumwachia kijana wa mkono.

22 Machi

Mabati yamefika na si tuliyolipia. Tuliagiza geji 28; Mzee alilibana bati moja kwa vidole vyake viwili na kusema ni 30, jembamba zaidi. Mwenye duka alikataa kwa siku nne, kisha akabadilisha. Siku nne hizo mbingu ilikuwa ikijikusanya juu ya Ngong na chumba kiko wazi. Kila anayejenga anapaswa kuwa na mtu mwenye vidole kama vile.

30 Machi

Paa limekamilika kwa tabaka tatu: bati, chini yake foili yenye mapovu ya hewa, kisha nafasi ya sentimita kumi, kisha dari ya mbao za saiprasi. Sababu ya foili si mchana peke yake. Usiku wa anga wazi bati hutupa joto lake juu hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe, na pumzi za waliolala zikilifikia hugeuka maji na kudondoka. Wengi hudhani paa linavuja.

Barazani hakuna dari. Shangazi ametaka aisikie mvua akiwa macho, na asiisikie akiwa amelala. Nadhani hakuna aliyewahi kunipa maelekezo ya sauti yaliyo wazi namna hiyo.

27 Aprili

Masika. Paa lote na penu zake ni mita za mraba 59. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi mvua ya milimita 30 usiku mmoja imetuletea zaidi ya lita 1,700, na tangi la lita 10,000 lilijaa ndani ya wiki mbili. Wageni wawili wakitumia jumla ya lita 120 kwa siku watalimaliza kwa siku 83. Halitavuka kiangazi cha Juni hadi Septemba. Maji ya mfereji yatasaidia, na nimeacha nafasi ya tangi la pili.

Mwaka jana miezi hii maji yalibomoa nyumba za watu Mathare na Mukuru. Nimekuwa nikitembea kuzunguka kijumba mvua ikinyesha, nione maji yetu yanaenda wapi, kwa sababu mteremko unashuka kwa jirani wa chini, na paa jipya ni mafuriko mapya kwa mtu fulani. Tumechimba mtaro wenye kokoto na shimo la kunywea kabla ya ua wake. Leo maji yameishia humo.

7 Juni

Viti vya baraza vimekamilika, viwili, vya mawe, kila upande wa mlango kama nyumbani. Zidaka tatu ukutani. Shangazi ameweka taa katika kimoja na Msahafu katika kingine; cha tatu amesema ni cha mgeni, kikae kitupu.

Vibao vya ndani vya dirisha la kaskazini ndivyo vilivyobaki. Bila vibao kioo kitapoteza usiku kile kilichokipata alasiri.

12 Julai

Vipimajoto vimerudi kazini. Wiki nzima chumba kikiwa kitupu, vibao vikifungwa saa kumi na mbili jioni: nje alfajiri 11, ndani 15 na nusu. Nilitarajia 16. Nimetafuta nusu hiyo siku mbili na kuipata chini ya mlango wa baraza, uwazi wa kidole kimoja. Mzee amepigilia kizingiti cha mbao.

20 Julai

Jana wamelala wageni wa kwanza. Shangazi mwenyewe kitanda kimoja, na kitanda cha pili muuguzi mwenzake wa zamani ambaye bado yuko kazini. Ametoka zamu ya usiku ya sita mfululizo. Walikaa barazani hadi giza lilipoingia, wakafunga vibao, wakaingia. Mwili uliolala hutoa joto la wati 70 au 80 hivi, kwa hiyo wawili ni kama taa mbili za zamani zinazowaka usiku kucha, na chumba kidogo kinalihisi hilo.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Wingu chini, umande juu ya sukuma wiki. Nje 10 na nusu. Shangazi alitoka kimyakimya amevaa leso moja, akanikabidhi daftari: saa tatu usiku ndani 18, saa kumi na mbili asubuhi ndani 17. Hakuna moto uliowashwa. Tulikaa kwenye kiti cha mawe tukanywa chai, jua likajaribu mara mbili kutokea na kushindwa.

Vipimo vya saa nne asubuhi vilikuwa vyangu. Nje, 13. Cha ndani sikukisoma. Mgeni alikuwa bado amelala, viatu vyake mlangoni, na safu hiyo nimeiacha tupu.